Ujuzi Kwanza au Mtaji Kwanza? Barua kwa Mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia salama, nami nimeisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu. Unasema wewe na wenzako mmechanga fedha ili kuwasaidia watu wazima wa mtaani kwenu wasio na kazi ya kueleweka, na mmekwama kwenye swali moja: muwafundishe ujuzi kwanza, au muwape mtaji wajue wenyewe pa kuupeleka? Umeniuliza mimi kwa kuwa unakumbuka miaka niliyofundisha watu wazima ushonaji.

Acha nianze na aibu yangu. Kundi letu la kwanza lilimaliza miezi sita, kila mmoja akapewa cheti na cherehani, tukapiga picha. Haukupita mwaka, wengi wao walikuwa wamekwisha kuuza cherehani zile, na sisi walimu tukakaa kuwalaumu kwamba hawana malengo. Nilipowatembelea majumbani ndipo nilipotambua kwamba kosa lilikuwa letu: tulikuwa tumewafundisha wote kushona vazi la aina moja, mahali ambapo mafundi tayari walikuwa wengi kuliko wateja, wala hatukuwa tumemuuliza mtu yeyote kama angelinunua. Mtoto alipougua, kitu pekee chenye thamani ndani ya nyumba kilikuwa cherehani. Hata mimi ningeiuza.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba msianze na ujuzi wala mtaji. Anzeni kwa anayelipa. Nendeni kwa wenye karakana, wajenzi, wenye hoteli na familia zinazotafuta watu wa kutunza wazee, muwaulize ni kazi gani wanayokosa watu wa kuifanya, na fundi wanayemkataa humkataa kwa kasoro gani. Nilipofanya hivyo mwaka uliofuata, sikusikia malalamiko mengi kuhusu mkono wa fundi. Nilisikia kuhusu fundi asiyejua kukadiria vifaa, asiyeandika bei kabla ya kuanza kazi, au asiyeonekana siku aliyoahidi. Mambo hayo hufundishika kwa wiki chache. Yaliyobaki hujifunzwa vizuri zaidi kwa uanagenzi, mtu akiwa kando ya fundi mzoefu na akipata angalau posho, kwa sababu mtu mzima mwenye watoto hawezi kukaa darasani mwaka mzima bila kipato, hata akipenda somo namna gani. Tena wapo wanaojua kazi tayari na wamekosa cheti tu. Nchi kadhaa zina utaratibu wa kupima na kutambua ujuzi uliopatikana nje ya shule, na hao msiwarudishe darasa la kwanza.

Kuhusu mtaji, sisemi hauna maana. Shirika la BRAC lilianzisha nchini Bangladesh, mwaka 2002, mpango wa kuwasaidia walio maskini kabisa, ambao unampa mtu kitega uchumi kama mifugo, pamoja na mafunzo, fedha kidogo za kujikimu, njia ya kuweka akiba na mtu wa kumtembelea mara kwa mara kwa muda wa miaka miwili hivi. Mfumo huo ulijaribiwa katika nchi 6, zikiwamo Ethiopia, Ghana na Peru, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba hali ya familia ilikuwa bado bora mwaka mmoja baada ya msaada kukoma. Tafiti za mikopo midogo pekee, zilizochapishwa mwaka huohuo, hazikuonyesha badiliko kubwa la namna hiyo kwa mkopaji wa kawaida. Nadhani tofauti iko kwa yule anayebisha hodi kila wiki na kuuliza mambo yanakwendaje, na huyo ndiye wafadhili wengi humfuta wa kwanza wanapopunguza bajeti.

Sasa lile la akiba, ambalo hukuliuliza. Mwaka 1991 shirika la CARE lilianzisha nchini Niger vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa, na mtindo huo umeenea nchi nyingi. Watu wapatao 15 hadi 25 hukutana kila wiki, huweka fedha katika sanduku lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, hukopeshana kwa riba waliyokubaliana wenyewe, na baada ya mwaka hivi hugawana kila kitu na kuanza upya. Vingi huwa pia na mfuko mdogo wa dharura. Wanafunzi wangu wangekuwa na mfuko kama huo, mtoto angetibiwa na cherehani ingebaki mezani. Undeni kikundi hicho wiki ya kwanza ya mafunzo, hata kama mchango ni mdogo kiasi cha kuchekesha, na vifaa vya kazi vitoeni baada ya mtu kupata mteja wake wa kwanza.

Zungumza na hao waajiri kabla hamjakodi chumba cha darasa, kisha uniandikie walichokwambia. Daftari langu la maswali niliyokuwa nikiwauliza bado ninalo, nitakutumia.

Mama yako