Kwa nini The Good Life haichuji
Umeuliza kwa nini watu bado wanaangalia The Good Life, kichekesho cha TV cha BBC ya Uingereza, wakati ilianza 1975 ikaisha 1978, mi naona siri ni majirani. Mhusika mkuu Tom anafikisha miaka 40 anaacha kazi, yeye na mkewe Barbara wanageuza bustani yao ya Surbiton, kitongoji cha London, kuwa shamba, mbuzi, nguruwe, kuku, hadi umeme wanautengeneza kwa mavi ya wanyama, na ukuta wa pili yupo Margo asiyetaka hata kuona tope na Jerry mumewe bado anapiga kazi ofisi ileile aliyoiacha Tom, ila wanagombana leo kesho wanakunywa pamoja, hakuna aliyefanywa mtu mbaya. Na Penelope Keith alivyomcheza Margo, aisee, sijaona mfano wake.