Linton Kwesi Johnson: uanzie albamu ipi?

Ndugu uliyeuliza uanzie wapi kumsikiliza Linton Kwesi Johnson, mshairi wa Uingereza mzaliwa wa Jamaika anayesema mashairi yake juu ya muziki wa reggae, anza na albamu ya Forces of Victory ya 1979, wala usifuate mpangilio wa miaka. Humo kuna Sonny's Lettah, shairi la barua ya kijana kwa mama yake kutoka gereza la Brixton, likishambulia sheria iliyowaruhusu polisi wa Uingereza kumkamata mtu kwa kumshuku tu. Halafu Bass Culture ya 1980.

Albamu ya kwanza, Dread Beat an' Blood (1978), wengi huikosa kwa sababu ilitoka kwa jina la Poet and the Roots. Ukitafuta jina la Johnson tu, huenda usiipate.

Jihadhari na LKJ in Dub. Ni nzuri, lakini hapo Dennis Bovell, mtayarishaji wake wa miaka mingi, ameondoa sehemu kubwa ya sauti na kubakiza besi, ngoma na mwangwi. Kama unataka mashairi, utalalamika bure.

Kwa maoni yangu, iliyo nzito zaidi ni Making History. Ina Reggae fi Radni, maombolezo ya Walter Rodney, yule aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuuawa kwa bomu Georgetown, Guyana, mwaka 1980.

Patwa, lugha ya Jamaika anayoitumia, ikikushinda masikioni, chukua A Cappella Live (1996): sauti peke yake, bila bendi, huku kitabu chake cha mashairi, Mi Revalueshanary Fren, kikiwa mkononi.