Mnarsisi Hulelewa Vipi? Maswali Yenu na Majibu

Maswali kuhusu watu wanaojiona yamemiminika, na karibu kila moja lina mume, bosi au mama mkwe ndani yake. Nimechagua machache na kuyafupisha. Nitasema unarsisi kwa hali yenyewe na mnarsisi kwa mwenye nayo. Nitajibu zaidi kwa upande wa uchanganuzi nafsi, ile elimu ya kuchimba yaliyofichika akilini, iliyoanzia kwa daktari Sigmund Freud kule Vienna, Austria, kwa kuwa ndiyo iliyohangaika sana na swali la mizizi.

Mwalimu, shikamoo. Chuoni tunasoma nadharia ya uchanganuzi nafsi katika fasihi. Ni kweli Freud ndiye aliyebuni dhana ya unarsisi? (Mwanafunzi, Dodoma)

Marahaba. Hapana, aliikuta. Kisa ni cha Wayunani, na tunakijua zaidi kupitia mshairi wa Kirumi, Ovid. Kijana Narcissus, mzuri kupindukia, anawakataa wote wanaompenda. Siku moja anainama kunywa maji, anaiona sura yake, anaipenda, anadhoofu hapo hapo hadi kufa. Watu wengi huruka vipande viwili. Kwanza, mama yake alimwuliza mtabiri Tiresias kama mwanawe atafika uzeeni, akajibiwa kwamba atafika, iwapo hatajijua. Pili, mwanzoni kijana hakutambua kuwa sura ile ni yake. Alidhani kuna mtu mwingine majini. Ukiulizwa kwenye mtihani, anzia hapo.

Mwaka 1898 tabibu Mwingereza Havelock Ellis alikitumia kisa hicho kueleza watu wanaojitamani wenyewe. Mwaka uliofuata Paul Näcke wa Ujerumani akaunda neno, na mwaka 1911 Otto Rank akaandika makala iliyohusu jambo hilo tu kwa macho ya uchanganuzi nafsi. Freud alikuwa ameligusa huku na huku, lakini makala yake kamili ilitoka mwaka 1914. Kazi yake kubwa ilikuwa kuutoa unarsisi kwenye fungu la mambo ya aibu na kusema kila binadamu anao.

Mwanangu ana miaka mitatu. Kila kitu ni "changu", anataka tumtazame akiruka kutoka kwenye kochi, akipuuzwa anajitupa chini. Wifi yangu anasema mtoto huyu ni mnarsisi tayari. (Mama wa mmoja, Likoni)

Mwambie wifi apumzike. Kwa Freud, mtoto huanza maisha akiwa amejikusanyia upendo wote, kisha kidogo kidogo anaugawa kwa wengine. Hata mtu mzima huuvuta tena kwake akizidiwa. Freud alitaja mtu anayeumwa jino: roho yake yote imehamia kwenye tundu la gego, huwezi kumwuliza habari za mtu mwingine.

Katika makala hiyo hiyo alimpa mtoto mchanga cheo cha kifalme, "Mtukufu Mtoto", akawacheka wazazi. Mtoto wao hatapata maradhi wala kifo, na sheria za dunia hazitamgusa. Wa kiume atakuwa shujaa badala ya baba yake, wa kike ataolewa na mwana wa mfalme ili mama yake apate fidia iliyochelewa. Kwetu mtoto ana wiki mbili na tayari ni daktari. Upendo huo wa wazazi, alisema Freud, ni unarsisi wao wenyewe uliozaliwa upya. Liweke hilo akilini, nitalihitaji kwenye swali linalofuata.

Kuhusu kochi: mtazame vizuri mwanao. Akishatua, kabla hata hajasimama sawasawa, anageuka kuutafuta uso wako. Donald Winnicott, daktari wa watoto wa London aliyeingia kwenye uchanganuzi nafsi, aliandika mwaka 1967 kwamba mtoto akiutazama uso wa mama hujiona yeye mwenyewe. Mama akiwa amezama kwenye huzuni yake, mtoto haoni kitu chake pale. Anaanza kuusoma uso ule kama anayeangalia mawingu kujua kama mvua itanyesha. Wako anaruka na kugeuka kwa sababu anategemea kukuta kitu usoni pako. Afya njema hiyo.

Kaka yangu anajiona hana mfano wake, na kila anayemfanyia wema anamdharau. Mama anasema baba alimnyima upendo. Baba anasema mama alimdekeza. Nani mkweli? (Msomaji, Arusha)

Wazee wako wamegawana kesi iliyowagombanisha wataalamu wawili miaka ya 1970. Wote wawili walizaliwa Vienna katika familia za Kiyahudi, Heinz Kohut mwaka 1913 na Otto Kernberg mwaka 1928, na wote waliwakimbia Wanazi mwaka 1939. Kohut alipitia Uingereza akaishia Chicago. Kernberg alikulia Chile kabla ya kuhamia Marekani. Kitabu cha Kohut kilitoka mwaka 1971, cha Kernberg mwaka 1975.

Kernberg anaona ngome. Mzazi ni baridi, ana chuki iliyofunikwa na adabu, lakini mtoto ana kitu kimoja kinachowapendeza wakubwa: sura, akili, au sauti. Mfikirie mtoto anayeitwa sebuleni kila wageni wakija. Anavalishwa shati jeupe, anasimamishwa mbele ya kabati la vyombo, anataja miji mikuu ya Afrika bila kukosea, anapigiwa makofi, anaambiwa haya, nenda ukacheze. Hakuna anayemwuliza kwa nini jana usiku alilia. Kwa Kernberg, mtoto huyo anachanganya alivyo, anavyotamani kuwa, na mzazi aliyemtamani, anavifanya kitu kimoja na kujifungia humo: simhitaji mtu. Ndani kumebaki hasira, na wivu kwa yeyote mwenye kitu kizuri. Hapo ndipo penye kaka yako na watu wanaomfanyia wema. Akishukuru, amekiri kwamba wewe unacho na yeye alikuwa hana.

Kohut anaona njaa. Kila mtoto anahitaji macho yanayomfurahia, na anahitaji mtu mkubwa wa kumstaajabia. Mahitaji hayo yakikosa kutimizwa kidogo kidogo, kwa kiasi anachoweza kustahimili, mtoto anajenga ndani yake kile alichokuwa akipewa. Yakikosa kutimizwa kwa muda mrefu, au kwa kishindo, kitu kile hakikui. Mtu anafikisha miaka 40 na bado anaruka kutoka kwenye kochi akitafuta nyuso.

Mwaka 1979 Kohut alichapisha kisa cha Bwana Z, mgonjwa aliyemtibu mara mbili. Mara ya kwanza alifuata kanuni za zamani: huyu kadekezwa, anadai makuu, aelezwe ukweli aache. Z akapata nafuu, akaondoka, na baada ya miaka kadhaa akarudi. Safari ya pili Kohut alisikiliza kwa namna nyingine, na mama wa Z akatokea kuwa mtu tofauti kabisa. Alikuwa akikikagua kinyesi cha mwanawe hadi mtoto alipofika karibu miaka sita. Alipoacha hilo akahamia usoni, na kila Jumamosi alasiri akawa anamtafuta vipele vyeusi na kuvikamua. Jirani angesema mama huyu anamjali mtoto. Lakini aliyeketi pale mbele yake hakuwa akitazamwa yeye, vilitazamwa vipele.

Wengi, akiwemo mwandishi wa wasifu wa Kohut, wanaamini Bwana Z ni Kohut mwenyewe. Ikiwa ndivyo, kisa mashuhuri cha matibabu ya unarsisi ni cha daktari aliyejiinamia majini. Nacheka kila nikikumbuka, na bado naona kina ukweli kuliko vingi vilivyoandikwa kwa uaminifu zaidi.

Sasa tuje kwenye takwimu, maana wanauchanganuzi walitegemea zaidi wagonjwa wao. Mwaka 2015 watafiti walichapisha matokeo ya watoto 565 wa Uholanzi wenye umri wa miaka 7 hadi 12, pamoja na wazazi wao, waliofuatiliwa kila baada ya miezi 6. Watoto ambao wazazi wao waliwaona ni bora kuliko wengine ndio walioongezeka unarsisi. Ubaridi wa wazazi haukutabiri hilo. Joto la wazazi lilitabiri kitu kingine, kujithamini kwa kawaida, kule kusema "najipenda nilivyo" bila kumpanda mtu kichwani.

Ukiishia hapo, baba yako ameshinda. Mimi siishii hapo. Utafiti ule ulipima majivuno ya kawaida ya watoto kwa hojaji; haukumpima mtu aliyefikishwa kwa daktari akiwa na miaka 40 na ndoa mbili zilizovunjika. Na mtoto wa shati jeupe yuko upande gani? Kasifiwa kupita kiasi na kuachwa na njaa, jioni ile ile, na watu wale wale. Mzazi anayemwona mwanawe ni bora kuliko wote mara nyingi hamwoni mwanawe. Anaona kile alichotaka kuwa yeye, kama Freud alivyosema mwaka 1914. Kwa hiyo nadhani baba na mama yako kila mmoja ameona tendo la mwenzake na kukosea kuliona la kwake.

Jambo moja pembeni. Nadharia hizi zilijengwa juu ya familia ndogo za Ulaya na Marekani, mama mmoja na kitanda kimoja cha mtoto. Kwetu uso anaoutazama mtoto mchana kutwa mara nyingi ni wa bibi yake, au wa binti wa kazi ambaye Januari anaondoka kwenda kwao na hakuna anayemweleza mtoto kitu. Kohut alikubali kwamba uso mmoja ukikosekana mwingine unaweza kufidia. Uso wa kufidia ukiondoka na basi la alfajiri, sijui angesema nini.

Kupiga selfi kila siku ni unarsisi? (Kijana, Nakuru)

Hapana. Ukifuta picha kwa sababu imepata "like" kumi na moja tu, halafu siku nzima ikaharibika, niandikie tena.

Dada yangu ni mpole, anajidharau, hapendi kuonekana. Mshauri amesema ana tabia za kinarsisi. Inawezekanaje? (Msomaji, Bujumbura)

Inawezekana. Herbert Rosenfeld, mwanauchanganuzi wa London, mwaka 1987 aliwagawa wanarsisi kuwa wa ngozi nene na wa ngozi nyembamba. Wa ngozi nene hasikii kitu kikimgusa. Wa ngozi nyembamba kila kitu kinamgusa: salamu isiyojibiwa, tiki za bluu bila jibu, watu wawili wakinong'ona mlangoni. Anaamini wananong'ona juu yake. Ukisikiliza kwa makini kule kujidharau, mara nyingine chini yake kuna dai kubwa, kwamba yeye alistahili kuwa mtu wa pekee na dunia ikamnyima. Hata hivyo upole na haya havitoshi kumpa mtu jina hilo, na mshauri mzuri angemweleza dada yako ameona nini hasa.

Mwalimu, yule kiongozi tunayemjua sote, si mnarsisi kabisa? (Wengi wenu)

Simtaji. Mwaka 1964 jarida moja la Marekani liliwauliza madaktari wa akili kama mgombea urais Barry Goldwater anafaa, na 1,189 wakajibu hafai bila ya kumpima. Aliwashtaki wachapishaji akashinda, na mwaka 1973 chama cha madaktari hao kikakataza mchezo huo. Mimi si daktari, lakini katazo nimelichukua.

Mume wangu alipunguzwa kazi mwaka jana. Tangu hapo nikimkosoa hata kwa chumvi ya mboga ananuna wiki nzima, kisha anasema bila yeye mimi si kitu. Nimesoma mtandaoni kwamba hawa hawaponi. Nisubiri? (Mke, Mbeya)

Kwanza, kama anakupiga au anakutishia, acha habari za Freud, nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Kama hapigi, tuendelee. Ugonjwa wa haiba ya kinarsisi uliingia kwenye mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani mwaka 1980. Mwongozo wa sasa unataja dalili tisa, na daktari hutafuta angalau tano, zikiwa za muda mrefu na katika kila upande wa maisha. Kununa tangu mwaka jana hakutimizi sharti hilo. Jiulize alikuwaje kabla: alipokuwa na mshahara, aliweza kusema "nisamehe"? Aliweza kufurahia kupandishwa cheo kwa rafiki yake?

Kwamba hawaponi ni maneno ya mtandaoni. Hubadilika polepole, na wengi hawaendi kutibiwa kabisa. Kohut angemwacha mgonjwa amtumie kama macho ya kumfurahia, kisha siku daktari anapochelewa na mgonjwa anawaka, wanalichambua lile jeraha dogo pamoja, tena na tena. Kernberg angemwonyesha mapema dharau na wivu wake. Aliona pia kwamba baadhi yao hulainika kuanzia miaka ya arobaini, maisha yanapokuwa yameshawapunguza. Wanaokwenda, huenda siku ngome imepasuka: talaka, kustaafu, kuachishwa kazi. Mume wako amefika kwenye ufa wa namna hiyo, awe mnarsisi au asiwe.

Ukitaka aende kwa mshauri, usimpelekee jina la ugonjwa. Atalisikia kama tusi, nawe utanuniwa wiki mbili badala ya moja. Mwambie ulichokiona kwa macho yako: halali vizuri, hapokei simu za wenzake wa zamani, Jumapili haendi tena kanisani au barazani alikozoea. Uliza kama yupo mwanamume mmoja anayemheshimu, kaka, mjomba au mwalimu wake wa zamani, anayeweza kumsindikiza mara ya kwanza.