Maswali ya Wasomaji: Wachoraji wa Punch na Mbao Zao

SWALI: Ndugu wahariri, nina ukurasa wa katuni wa jarida la Punch la London, wa miaka ya 1860. Mstari mweupe mwembamba, umenyooka kama rula, umeikata picha toka juu hadi chini. Karatasi ilikunjwa, au ni kasoro ya uchapaji? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Ukipapasa karatasi na usione alama ya kukunjwa, basi hapo ndipo vipande vya ubao vilipoachana. Picha za Punch zilichongwa kwenye mti wa Buxus, juu ya uso wa shina lililokatwa kwa kukingama. Uso huo ni mgumu, na patasi hupita kila upande bila mti kuchanika. Tatizo ni kwamba shina la Buxus ni jembamba, halitoi ubao wa kutosha ukurasa mzima. Hivyo vipande vidogo viliungwa kwa bolti na nati upande wa nyuma. Bolti zikilegea, au mti ukinywa unyevu kisha ukakauka, ufa hutokea. Wino haukai kwenye ufa.

Maungio hayo yaliwafaa wachongaji. Kazi ikiwa ya haraka, bolti zilifunguliwa na kila mmoja akapewa kipande chake. Kwanza mchongaji mkuu alichonga mistari yote inayovuka maungio, ili vipande vikirudishwa pamoja ikutane. Angalia pande mbili za mstari wako mweupe: kivuli cha upande mmoja kikiwa kizito kuliko cha pili, huenda mikono miwili tofauti ilipita hapo.

SWALI: John Tenniel aliichorea Punch kuanzia 1850 hadi 1901. Aliwezaje kutoa picha kubwa kila wiki? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Kwa ratiba isiyoyumba. Jumatano usiku waandishi na wachoraji wa jarida walikula pamoja na kukubaliana mada. Alhamisi Tenniel aliitafakari na kuchora rasimu. Ijumaa asubuhi aliihamishia kwenye ubao kwa karatasi ya kunakilia, akaikamilisha kwa penseli juu ya ubao wenyewe, kutwa nzima. Kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja jioni alimkabidhi kijana aliyetumwa na mchongaji, Joseph Swain. Jumamosi usiku ubao ulikuwa umekwisha kuchongwa.

Ugumu wenyewe uko kwenye ubao. Kwanza, picha huchorwa kinyume, kushoto kukawa kulia. Mchoraji akijisahau, askari hutoka ameshika upanga kwa mkono wa kushoto. Pili, penseli hutoa rangi ya kijivu, lakini chapa ya mti ina nyeusi na nyeupe tu. Swain ndiye aliyeamua kijivu hicho kiwe mistari mingapi, minene kiasi gani. Penye mistari inayokatizana, mchongaji hutoboa kila kijishimo cheupe kimoja kimoja, huku akiacha kuta nyembamba kama uzi. Ukuta mmoja ukivunjika, doa jeupe huonekana kwenye kila nakala. Kwa hiyo tunapomsifu Tenniel kwa mistari yake, sehemu kubwa ya sifa hiyo ni haki ya Swain, na inasikitisha kwamba vitabu vingi humpita kimya.

Mchoro wa penseli uliteketea chini ya patasi. Ndiyo maana picha za asili za miaka hiyo ni adimu. Zilizobaki nyingi ni rasimu. Na yote hayo Tenniel aliyafanya kwa jicho moja, kwani la pili alilipoteza akiwa kijana katika mchezo wa vitara.

SWALI: Je, walinakili picha za kamera?

JIBU: Tenniel hakutumia hata mtu wa kukaa mbele yake ili achorwe, alichora kwa kumbukumbu. Linley Sambourne, aliyeanza Punch mwaka 1867 na kushika nafasi ya Tenniel 1901, alikuwa kinyume chake. Aliwavisha watu wa nyumbani kwake mavazi ya kila namna, akawapiga picha, na mara nyingine akasimama yeye mwenyewe mbele ya kamera. Nyumba yake, Stafford Terrace namba 18, London, sasa ni makumbusho.

Wasomaji wetu wa Kongo watamkumbuka kwa katuni ya Novemba 1906: Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo, ni nyoka wa mpira aliyemzonga Mkongomani. Wakati huo mti ulikuwa umeachwa. Mchoro wa wino ulipigwa picha na kuhamishiwa kwenye bamba la zinki, kisha asidi ikala sehemu nyeupe. Mkono wa mchoraji sasa ulifika kwa msomaji bila mchongaji katikati, ila mchoro ukipunguzwa sana, mistari iliyobanana huziba kwa wino na kuwa doa jeusi.

SWALI: Nitajuaje kama ukurasa wangu si nakala ya baadaye?

JIBU: Chukua lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona nukta ndogo zilizopangwa safu safu, ni nakala ya baadaye. Chapa ya mti ina mistari mizima tu, na wino umesukumwa kidogo pembeni mwa kila mstari. Tafuta pia herufi J na T zilizofumana, na jina la Swain kwenye kona, ingawa hizo peke yake hazitoshi, kwa sababu nakala nayo huzibeba.