Grei 20 kwa mpigo mmoja? Futa hiyo

Mkuu, simamisha oda ya panya wa jaribio lako la mionzi. Unataka kupiga uvimbe mmoja grei 20 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi) siku moja, uchome kizuia CTLA-4 (dawa inayoondoa breki ya seli T, askari wa kinga), halafu usubiri seli T hizo zikashughulikie na uvimbe wa pili usioguswa. Utasubiri sana. Pesa ya mradi huzama hapohapo, na yangu ilishazama.

Mionzi ikikata DNA ya seli ya saratani, vipande huvuja nje ya kiini. cGAS, protini inayonusa DNA, hunasa vipande hivyo na kuamsha STING, protini ya king'ora; intaferoni beta, ishara ya hatari, hutoka; seli za dendritiki, wapelelezi wa kinga, huitika na kuziamsha seli T za CD8, zile zinazoua. Ila dozi ya mpigo mmoja ikivuka takriban grei 12 hadi 18, kutegemea aina ya seli, seli huzalisha TREX1 kwa wingi, kimeng'enya kinachotafuna vipande vyote. King'ora kimekatwa waya. Uvimbe unanywea, unapiga picha, unafurahi, na kinga haina habari.

Kwa seli za TSA (saratani ya matiti ya panya), grei 8 mara 3 pamoja na kizuia CTLA-4 zilidhoofisha hata uvimbe wa mbali. Grei 20 za mara moja na dawa ileile, wapi. Hayo yamechapishwa tangu 2009! Bado wapo magwiji wa kukwambia "piga kubwa, ua nyingi, kinga itaona maiti". Hao wangelipia chakula cha panya kwanza.

Fibroblasti, seli za tishu zinazouzunguka uvimbe, nazo hazifi kwa dozi hiyo kubwa. Zinazeeka, haziongezeki tena, lakini midomo haifungi: zinaendelea kumwaga ishara. TGF-beta, protini ya kutuliza kinga iliyolala kwenye tishu, huamshwa na mionzi na kuzibana seli T. Limfosaiti, kundi la seli za kinga zikiwemo seli T, ndizo laini, grei 2 tu nyingi zinakufa, kwa hiyo mwale usipitie tezi za limfu za jirani. Seli T mpya hufundwa humo.

Kabla ya panya, piga seli zako kwenye sahani grei 0, 4, 8, 12, 16 na 20. Baada ya saa 24 pima TREX1 na IFNB1 (jeni ya intaferoni beta) kwa qPCR, kipimo cha jeni inavyofanya kazi. Chukua dozi ya juu kabisa ambayo IFNB1 imepanda na TREX1 bado imetulia, kisha uirudie siku 3 mfululizo na kupima tena. IFNB1 isipopanda popote, kagua STING. Kuna seli za saratani zilizoizima, na hapo badilisha seli, usiongeze dozi.

Uliuliza pia rangi za saitometa (mashine ya kuhesabu na kutambua seli), sijui na nini kingine. Baadaye. Umeshafuta ile 20?