Unawatafutia wenzako kazi, je, yako inakulipaje?

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe mrefu usiku. Amepata nafasi ya mshauri wa ajira kwa wakala binafsi, barua ameshapewa, na anatakiwa aisaini kabla ya Ijumaa. "Dada, mshahara wa msingi ni mdogo, ila wanasema kamisheni ndiyo inayobeba. Wewe umekaa huko miaka tisa. Nisaini au nisisaini?"

Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, nikajikuta nimeandika kurasa. Nikaona niyaweke hapa, maana najua wengi mnaonisoma mna hamu ileile niliyokuwa nayo: kuanzia kwenye kupokea simu na kupanga mafaili, hadi siku ambayo mwajiri mkubwa anakutafuta wewe kwa jina, anakwambia hataki mtu mwingine amtafutie watu. Mimi nimefika hapo. Lakini njiani niliumia, na nilipoumia hakuna aliyekuwa amenionya.

Swali lake nitalijibu. Kwanza nisimulie habari ya fundi wa majokofu.

Ulikuwa mwaka wangu wa pili. Mteja wetu mmoja mwenye maghala ya baridi alikuwa anahangaika kupata fundi. Nilikaa na kazi hiyo wiki sita. Nilisoma wasifu wa watu 140 na ushee, nikawasaili 19 kwa simu, nikawapeleka watatu. Aliyechaguliwa alikuwa mtu mpole, anayejibu swali baada ya kufikiri, na nilimpenda tangu dakika ya kwanza kwa sababu nilipomuuliza kosa lake kubwa kazini alinieleza kosa la kweli. Nilibishana na mteja mpaka akamwongezea asilimia 15 juu ya mshahara uliokuwa umetangazwa. Nakumbuka nilivyoshuka ngazi siku ile. Kamisheni, yaani mgao wangu wa ada aliyotulipa mteja, ikaingia mwisho wa mwezi, nikalipa madeni yangu yote.

Siku ya 87 fundi aliacha kazi. Alikuwa ameahidiwa zamu ya mchana, wakamhamishia usiku bila kumuuliza. Mkataba wa wakala na mteja ulikuwa na dhamana ya siku 90: mtu akiondoka ndani ya siku hizo, ada inarudishwa. Ikarudishwa. Nami mwisho wa mwezi nikafungua hati yangu ya mshahara, nikakuta mstari ambao sikuwahi kuuona: "Marejesho ya kamisheni". Mbele yake alama ya kutoa, na kiasi kilekile nilicholipwa miezi mitatu nyuma, tarakimu kwa tarakimu. Chini kabisa, kwenye malipo halisi, ilibaki kama theluthi ya mshahara wangu wa msingi. Nilijifungia chooni na karatasi ile. Nilipotoka, simu iliyofuata ilikuwa ya kijana niliyemwahidi kumfundisha namna ya kudai mshahara unaomstahili. Nikamfundisha. Mganga hajigangi.

Nilipomuuliza meneja, alifungua mkataba wangu ukurasa wa saba na kuniwekea kidole kwenye sentensi moja: kamisheni italipwa "kwa mujibu wa sera ya kampuni kama itakavyorekebishwa". Sera yenyewe sikuwahi kuonyeshwa. Saini chini ya ukurasa ilikuwa yangu.

Basi mdogo wangu, jibu langu ni hili: usiulize kamisheni ni asilimia ngapi kabla hujauliza inakuwa yako lini. Ni yako mtu anaposaini mkataba? Anaporipoti kazini? Mteja anapolipa ankara? Au dhamana inapoisha? Hizo ni kazi nne tofauti zenye cheo kimoja. Asilimia 10 ambayo ni yako siku mtu anaporipoti inaweza kukulisha kuliko asilimia 20 inayoning'inia miezi mitatu ikisubiri mwajiri asiyemjali mfanyakazi wake.

Na elewa fedha inatoka wapi. Wakala binafsi hupata mapato kwa njia kuu mbili. Ama anamtoza mwajiri ada ya mara moja, ambayo mara nyingi ni asilimia ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa aliyeajiriwa. Ama, kwa wafanyakazi wa muda, anabaki na tofauti kati ya anachomtoza mteja na anachomlipa mfanyakazi. Mtafuta kazi hatakiwi kutozwa. Mkataba Na. 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unasema hivyo kwenye Kifungu cha 7, isipokuwa pale mamlaka za nchi zinaporuhusu tofauti kwa makundi fulani ya wafanyakazi na huduma fulani, kwa maslahi ya wafanyakazi wenyewe. Mimi nitaitetea kanuni hiyo hadi nistaafu, kwa sababu nimekaa meza moja na watu waliouza vitu vya ndani ili "wapewe kazi". Lakini maana yake ni kwamba kila kitu kinamtegemea mwajiri, naye huchelewa kulipa na hutaka dhamana. Wakala asiye mwadilifu huichukua hatari hiyo nzima na kuitua begani kwa mshauri. Biashara ni yake, hasara ni yako.

Hata pale serikali inapolipia huduma hii mambo hufanana. Australia ilipoyakabidhi mashirika yaliyo nje ya serikali kazi ya kuwatafutia watu ajira, mwaka 1998, ilifunga sehemu ya malipo kwenye matokeo: mtu apate kazi, adumu nayo. Presha ya namba inashuka hadi kwa ofisa anayekaa na mtafuta kazi uso kwa uso. Ila wenzetu hao wana kitu ninachokitamani: amri ya kima cha chini cha mshahara inayowahusu hasa wafanyakazi wa huduma za ajira, yenye madaraja, saa 38 za kawaida kwa wiki, na malipo ya saa za ziada. Ofisa anajua yuko daraja gani na kwa nini. Sehemu nyingi tumeachwa tukiitwa "watu wa mauzo", kana kwamba tunauza sabuni.

Sisi si watu wa mauzo. Nilisema hivyo kwenye kikao mwaka wangu wa nne, sauti ikitetemeka, na narudia leo bila kutetemeka. Mkataba Na. 88 wa Shirika lilelile la Kazi Duniani, wa 1948, unaohusu huduma za ajira za umma, unataka watumishi wa huduma hizo wawe na uhakika wa ajira yao na wasiyumbishwe na shinikizo la nje. Waliouandika walijua kwamba mtu mwenye hofu ya kula kesho hawezi kumshauri mwenzake vizuri. Mimi baada ya yale marejesho nilianza kuwasukuma watu kwenye kazi zisizowafaa, ili tu wafikishe siku 90. Kuna mama mmoja nilimwambia avumilie msimamizi mwenye matusi "mpaka mwezi uishe". Mwezi uliokuwa unaisha ulikuwa wangu. Hilo bado linanichoma kuliko fedha zote walizonikata.

Kuhusu makato, shika hili: Kifungu cha 8 cha Mkataba Na. 95 wa shirika hilohilo, wa 1949, kinaruhusu mshahara ukatwe tu kwa masharti na kwa kiwango kilichowekwa na sheria, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi, na mfanyakazi ajulishwe. Nchi yako ikiwa imeuridhia, una mahali pa kuanzia. Mimi sikujua. Nilidhani neno la meneja ndiyo sheria.

Kisha saa. Hapa ndipo watu wengi wanaibiwa bila kujua, maana wizi wenyewe una sura ya huruma. Anayetafuta kazi hana saa za ofisi. Atakupigia saa tatu usiku kwa sababu usaili wake ni kesho asubuhi na anaogopa. Utapokea, na ni vizuri ukapokea. Lakini nilipoanza kuandika simu hizo kwenye daftari, mwezi wa kwanza tu zilifika saa 31 nje ya muda wa kazi. Mali bila daftari huisha bila habari. Nililipeleka daftari kwa mwajiri wangu wa pili, kila simu na tarehe yake, na ndilo lililonipatia posho ya simu za jioni na nusu siku ya mapumziko kila wiki. Maneno matupu nilikuwa nimeyasema mwaka mzima bila kusikilizwa.

Kwa hiyo, msomaji wangu, usisaini Ijumaa bila kuiona hiyo sera ya kamisheni. Iombe kwa maandishi. Wakikujibu kwa mdomo, waandikie wewe: "Kama nilivyokuelewa leo, kamisheni ni yangu tangu siku mtu anaporipoti, na mshahara wa msingi haukatwi kufidia marejesho." Ombeni hivyo, vijana, ombeni kwa heshima, lakini ombeni. Piga hesabu kama kamisheni haipo kabisa: mshahara wa msingi peke yake unalipa kodi ya nyumba, nauli na chakula? Kama haulipi, wanakuomba uwakopeshe maisha yako. Na uliza mtu wa mwisho aliyekaa kiti hicho aliondoka lini na kwa nini. Sisi huwauliza waajiri swali hilo kila siku kwa niaba ya wengine.

Jana jioni ameniandikia tena. Ameomba sera, wakamwambia "haijawahi kuombwa na mtu". Amewaambia atasubiri.