Mwanangu, maganda ya kamba usiyatupe

Malindi, Jumanne asubuhi

Mwanangu mpenzi,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana baada ya Isha, na leo nimeusoma tena kabla ya kukaa kuandika. Unasema Jumamosi wakwe zako wanakuja kutoka Nyeri, mtakuwa watu 6 mezani, na mumeo ameshawaahidi ile spageti ya kamba uliyokulia hapa nyumbani. Umeijaribu mara mbili huko Nairobi. Mara zote mbili kamba wametoka wagumu kama mpira, tambi zimeshikana, na mchuzi umekataa kushika ukabaki chini ya sahani kama maji ya kuoshea. Ukaniuliza: "Baba, wewe hutia nini ambacho mimi sitii?"

Sitii kitu usichokuwa nacho. Ila kuna vitu viwili unavimwaga ambavyo mimi sivimwagi: maganda ya kamba na maji ya tambi. Mengine ni mambo ya moto na muda.

Kwanza kamba wenyewe. Usione haya kununua wa friza. Hapa kwetu ni kusi, pepo zikiwa kali ngalawa haziendi mbali, na anayekuambia huko Nairobi kwamba kamba wake ni wa leo mwache aseme. Aliyegandishwa siku aliyovuliwa ni bora kuliko "mbichi" aliyekaa siku 3 juu ya barafu inayoyeyuka. Ukienda City Market, kwenye zile meza za samaki, omba wenye vichwa. Shika kichwa uone kama kimeshikamana na mwili. Ganda ling'ae, lisiwe na madoa meusi wala utelezi. Kisha nusa. Kamba mzuri ananuka bahari tu. Ukipata harufu kali inayopanda puani kama ya mkojo, mrudishie mwenyewe. Chukua kilo 1 na nusu, kwa sababu ukishawamenya karibu nusu ya uzito huenda na vichwa na maganda. Ukipata na ngisi, nusu kilo itawatosha.

Ijumaa usiku waweke ndani ya chujio juu ya bakuli, kwenye friji, wayeyuke taratibu na maji yao yachuruzike. Maji ya moto usiwatie kabisa. Asubuhi wamenye, wapasue mgongo kidogo uvute ule uzi mweusi, ndio utumbo wao, kisha wafute kwa kitambaa safi mpaka ukimshika mmoja mkono usilowe. Nadhani hapa ndipo mambo yalipokuharibikia. Kamba mwenye maji akiingia kikaangoni, moto wote huenda kuyakausha yale maji kwanza. Badala ya kukaangika anachemka, wewe unasubiri apate rangi, na huku unasubiri nyama inazidi kujikaza. Tena uliwatia wote kwa mkupuo mmoja, sivyo? Kikaango chako nakijua, mimi na mama yako ndio tuliokuletea. Kinachukua kamba 12 kwa nafasi. Wapike kwa mafungu.

Na ile ndimu. Sisi watu wa pwani tumezoea kumwosha kila kitoweo cha bahari kwa ndimu, na kuosha si kosa. Lakini wewe umeniandikia kwamba uliwalaza kwenye ndimu saa nzima. Ukali wa ndimu huikaza nyama kabla haijaona moto. Ukiangalia utaiona imegeuka nyeupe kama iliyopikwa. Safari hii ndimu ije mwisho, chakula kikishatoka motoni.

Sasa maganda, na hapa nivumilie nikusimulie kidogo.

Waitaliano wa kwanza niliowaona ni wale wa kituo cha San Marco, Ngomeni. Nilikuwa na miaka 11 iliporushwa kutoka kule baharini ile setilaiti iliyoitwa Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu yetu, na mji mzima ulikuwa na la kusema. Miaka 14 baadaye nikawa natafuta riziki katika jiko la hoteli ya Kiitaliano hapa Malindi, kazi yangu kumenya kamba tangu alfajiri. Wiki ya kwanza nilijaza ndoo mbili za vichwa na maganda, nikazipeleka jaani. Mpishi mkuu, mtu wa Naples, aliniita. Hakupaza sauti. Alichukua konzi mbili za maganda yaliyokuwa yamebaki mezani, akayatia kwenye mafuta ya zeituni yaliyopata moto, akayaponda kwa mwiko mpaka mafuta yakawa na rangi ya hina iliyokolea. Akamwagia maji, akaacha yatokote, akanichotea kijiko.

Ladha ile niliijua. Ilikuwa mchuzi wa bibi yako. Marehemu mama yangu hakuwahi kutupa kichwa cha samaki, na uduvi aliwatwanga kinuni wazima wazima. Mimi nilitoka katika jiko lake nikaingia hotelini nikidhani kwamba huko ya nyumbani hayana kazi. Nilisimama pale na kijiko mkononi nikaona uchungu wa ndoo mbili zile. Tangu siku hiyo sijatupa ganda la kamba ambalo halijapita motoni.

Ile rangi nyekundu, mwanangu, imo ndani ya ganda tangu kamba akiwa hai, ila imefungwa na protini, ndiyo maana unamwona wa kijivu. Moto ndio unaoifungua. Na huyeyuka katika mafuta, katika maji haiyeyuki, kwa hivyo lazima uanze na mafuta. Tia vijiko 4 vya mafuta katika sufuria, yakipata moto mimina maganda na vichwa, uyakaange dakika 5 ukiyaponda. Vichwa vibonyeze hasa, utamu umelala humo. Ongeza nusu ya kitunguu maji, kisha maji ya moto ya kuyafunika tu. Yatokote kwa moto mdogo dakika 20, halafu chuja huku ukikandamiza. Rudisha supu motoni ipungue mpaka kibaki kikombe 1 na nusu. Hotelini walitia mvinyo mweupe katika hatua hii. Nyumbani kwetu hautiwi, na tangu utotoni umeila spageti yangu bila kuukosa. Supu hii unaweza kuipika asubuhi ukaiweka, isikushughulishe jioni.

Tambi nazo zina mambo yake, tena moja sikulifikiria mpaka uliponiambia kwamba ulifuata dakika zilizoandikwa kwenye pakiti na bado zilikuwa na kiini kigumu, ukaongeza, zikapitiliza. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa urefu huo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati hapa Malindi huchemka kwenye 100. Pakiti ikisema dakika 9, huko kwako pengine ni 11 au zaidi. Usitegemee saa. Zikikaribia, toa utambi mmoja utafune: uwe laini nje, na katikati uusikie kidogo chini ya jino. Wenyewe huita al dente.

Chukua pakiti iliyoandikwa durum, ndiyo ngano ngumu, haivurugiki. Zile nyembamba tunazopika kwa sukari na iliki mwezi wa Ramadhani hazifai hapa. Kwa watu 6, gramu 600, na sufuria kubwa yenye maji lita 5 au 6. Ulipotia nusu kilo katika sufuria ya lita 2, tambi zilikosa pa kuogelea, ndiyo maana zikashikana. Maji yakichemka tia chumvi, vijiko 3 vya mezani. Mafuta usitie. Koroga dakika 2 za mwanzo, zikishaachana zitajitunza.

Wala usizisuuze kwa maji ya bomba! Nilipolisoma hilo nilimwita mama yako aje alisome naye. Tambi zinapochemka hutoa unga wake, na maji yanakuwa na weupe kama uji mwembamba sana. Unga huo ndio unaoyashika mafuta na supu pamoja, na ndio unaoufanya mchuzi ugande juu ya utambi. Ukizisuuza umeuondoa wote, kisha unashangaa mchuzi kuteleza. Kabla ya kuchuja, chota vikombe 2 vya maji yale uweke kando.

Jioni yenyewe, kila kitu kiwe kimekatwa na kupangwa kabla ya kuwasha moto: punje 6 za kitunguu saumu zilizokatwa vipande vyembamba, pilipili moja (wakwe zako hawajazoea, toa mbegu), tungule 6 zilizoiva, au nyanya kama mnavyoziita huko, zimenywe na kukatwakatwa, na majani. Wapishi wa Kiitaliano hutumia yale wanayoyaita prezzemolo, ndiyo parsley ya madukani. Mimi nikiyakosa natia dania kidogo, nusu ya kiasi, kwa kuwa harufu yake hupenda kutawala.

Maji ya tambi yakiwa yanachemka, washa jiko la pili, kikaango kipate moto sawasawa. Mafuta, kamba wa fungu la kwanza, chumvi kiduchu. Dakika 1 upande mmoja, geuza, nusu dakika upande wa pili, watoe. Akijikunja kama herufi C ameiva, akijiviringisha kama pete ameshapitiliza. Watoe wakiwa wamebakisha kidogo, kwani watarudi motoni. Wakiisha wote, punguza moto, tia saumu na pilipili katika mafuta yale yale. Saumu isigeuke hudhurungi, itakuwa chungu na hutaweza kuificha. Ikianza kunukia, mimina tungule, zipondeke dakika 8, kisha supu ya maganda. Acha itokote mpaka ukivuta mwiko njia ibaki kidogo.

Tambi ziingie majini wageni wakiwa wameshakaa. Wao wanaweza kuzisubiri, zenyewe haziwezi kumsubiri mtu. Zikibakisha dakika 2, zihamishe zikiwa bado zinachuruzika uzitie katika mchuzi. Kikaango kisipotosha tumia karai. Sasa ongeza moto, tia upawa wa maji uliyochota, na uzungushe kwa nguvu, ukiinua na kuangusha. Zikikauka ongeza maji tena kidogo. Utauona mchuzi unabadilika: ulikuwa maji na mafuta yaliyotengana, unakuwa kitu kimoja kizito kinachong'aa. Hapo ndipo unapotia ngisi, waliokatwa pete nyembamba, dakika 1 na nusu tu. Ngisi ana nyakati mbili: ama chini ya dakika 2, ama dakika 45 za moto mdogo mpaka alainike tena. Katikati ya hapo hatafuniki. Rudisha kamba na maji yao yote yaliyochuruzika sahanini, geuza mara mbili, zima. Kamulia ndimu, nyunyiza majani, peleka mezani papo hapo.

Jibini usiwawekee, hata mumeo akiomba. Waitaliano niliofanya nao kazi hawakukubali jibini juu ya vitu vya bahari, nami nakubaliana nao, inaufunika utamu wote ulioutolea jasho.

Na hili nakuomba ulifanye leo, usingoje Jumamosi. Mpigie mavyaa wako umuulize kama yupo miongoni mwao ambaye kamba humdhuru. Wako watu ambao kamba huwavimbisha midomo na kuwabana pumzi, na hata supu ya maganda peke yake inatosha kuwaletea hatari. Watu wa Nyeri huenda hawajawahi kula, hawajui. Akitokea mwenye wasiwasi, mpikie tambi zake kwa tungule na kuku katika sufuria mbali, mwiko mbali, na mafuta mapya.

Wewe una mkono mzuri wa kupika, nimekuona tangu ukiwa na miaka 9 ukimsaidia bibi yako kukuna nazi juu ya mbuzi. Sina wasiwasi na Jumamosi yako. Mama yako anakusalimu sana, anasema wakwe wakishakula uwape chai ya tangawizi.

Kilo 1 na nusu itakupa maganda mengi kuliko supu hii inavyohitaji. Tumia nusu, na nusu nyingine ifunge kwenye mfuko, uandike tarehe, uweke friza. Wiki mbili kutoka Jumamosi naja Nairobi kwa ajili ya macho yangu, nitalala kwako siku 3. Nitakuja na nazi 4 na bizari ya nyumbani, nikupikie kwa maganda hayo mchuzi wa bibi yako.

Wasalaam,
Baba yako